Gogo Linalorusha Mateke

Picha ya uti wa mgongo ilitoka imejaa ukungu kwa mara ya tatu. Mpiga picha wa hospitali akabonyeza kitufe cha kipaza sauti kwa hasira.

"Mzee wangu, nimekuomba usitikisike. Foleni huko nje imefika mlangoni."

"Sijatikisika, binti yangu," mgonjwa akajibu kutoka ndani ya mashine. "Nimelala kama gogo."

"Gogo gani hili linalorusha mateke?"

"Hata mke wangu ananisingizia hivyo hivyo. Kila asubuhi ananinunia, eti nimempiga teke usingizini."

Mpiga picha akashusha pumzi, akachukua mkanda wa kumfungia miguu na kuingia chumbani. Kidole gumba cha mguu wa kushoto, chenye ukucha uliopasuka, kilikuwa kinachezacheza. Akakikamata ili akitulize, nacho kikaendelea kurukaruka kiganjani mwake kama panzi.

"Haya, mzee, bado unabisha?"

"Nabisha nini tena?"

Akakitazama kile kidole. Kisha akakifinya kwa kucha, kwa nguvu zake zote.

"Nimekushika wapi?" akauliza taratibu.

"Hujanishika bado, binti yangu. Harakisha basi, foleni isije ikanilaani."