Aliyetapika Mezani pa Bwana

Mzee Timotheo alitapika mbele ya meza ya Bwana, kanzu nyeupe mwilini, kanisa limejaa.

Padri Elia, aliyehamishiwa kwao baada ya Pasaka, alikuwa amemnywesha kwanza, kisha akamkabidhi kikombe awanyweshe wengine. Kabla Timotheo hajamfikia mtu wa tatu, uso ulimwiva na moyo ukamwenda mbio. Alikirudisha kikombe mezani. Mlangoni hakuwahi.

Ndipo Mama Letisia, mwenyekiti wa akina mama, akasema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma:

"Ameijia meza na dhambi huyo. Bwana amemkataa."

Kijiji kile kiko milimani, juu ya Kilosa, na maneno yalishuka bondeni kabla ibada haijaisha. Timotheo alikuwa mzee wa kanisa mwaka wa kumi na tisa. Ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha vyombo. Ndiye aliyefundisha vijana wa kipaimara, na ndiye aliyewakemea wanaume waliokesha kilabuni Jumamosi wakaja ibadani wakinuka pombe. Sasa wanaume haohao walipomwona njiani akirudi nyumbani walikohoa, kisha wakatazamana.

Jumatatu mkewe, Upendo, alikwenda bombani. Alipofika, mazungumzo yalikatika. Alirudi na ndoo nusu.

"Hawajaniambia kitu," alimwambia mumewe. "Afadhali wangesema."

Timotheo kwa siku nne hakutoka nje ya ua wake. Jumatano aliletewa barua: baraza la kanisa lingekaa kikao kumvua uzee.

Alhamisi nesi Joyce wa zahanati akabisha hodi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Timotheo aliitikia, macho chini.

"Nilikuwa Mikumi kwenye semina. Nimeyasikia leo hii. Baba, Jumapili ulikuwa bado kwenye zile dawa za amiba?"

Alikuwa bado. Ijumaa iliyotangulia, kipimo cha choo kilionyesha amiba, na Joyce akampa metronidazole, mara tatu kwa siku kwa siku tano. Vidonge vichungu vilivyomwachia ladha ya chuma mdomoni. Alimwambia amalize dozi hata kama tumbo litatulia. Akamwambia pia asiguse pombe mpaka zipite siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Hapo alicheka. "Nawaambia wote, baba. Wewe hilo halikuhusu."

"Na kikombeni mnatia divai yenyewe?" Joyce aliuliza.

"Yenyewe," Upendo alidakia, akimwonyesha mumewe. "Baba Jastin huifuata kwa miguu yake Kilosa mjini."

Joyce alijishika kichwa. "Basi ndiyo hiyo! Dawa ile na kileo havikai tumbo moja. Mtu uso humwaka, moyo humdunda, akatapika. Ila sikujua kwamba funda dogo vile laweza kumwangusha mtu mzima. Kosa ni langu, baba. Nilisema pombe, nikaisahau meza ya Bwana."

Upendo aliketi chini palepale, akaangua kilio. "Si dhambi! Baba Jastin, umesikia? Ni dawa!"

Timotheo alikuwa akitazama sakafu. "Tuyaache, binti yangu," alimwambia Joyce. "Yamekwisha pita."

"Yatapitaje na wanataka kukuvua uzee? Nampigia padri sasa hivi."

Jumapili Padri Elia alipanda tena mlima kwa pikipiki, ingawa haikuwa zamu ya kijiji kile. Joyce alisimama mbele ya watu akaeleza yote: amiba, vidonge, divai. Alipokiri kwamba hakumwonya mzee juu ya kikombe, minong'ono ilianza.

"Nesi gani huyo?"

"Angemuua mzee wa watu!"

Joyce aliinamisha kichwa, lawama zote akazipokea.

"Joyce hana kosa," Timotheo alisema.

Sauti yake ilisikika kwa shida. Alitaka kuongeza jambo. Watu wakangoja. Hakuongeza.

"Mmeuona moyo wa mtu huyu?" padri akasema. "Sisi tumemtupia mawe, yeye anamtetea mwenzake. Hata mimi nilidhani divai tamu namna ile haiwezi kumdhuru mtu."

Mama Letisia alitoka kwenye kiti chake, akaja mpaka mbele, akapiga magoti na kitenge chake cha sikukuu juu ya saruji.

"Nisamehe, baba. Nilimhukumu mtu safi."

"Inuka, mama," Timotheo alimsihi. "Inuka, tafadhali. Usinipigie magoti."

Baada yake kanisa zima lilipanga mstari kumpa mkono, hata wale wanaume wa kilabuni. Upendo alisimama kando yake, kichwa juu, akimwitikia kila mmoja. Timotheo alilia hadi akashindwa kusimama, ikabidi aletewe kiti. Kila aliyempita alimpigapiga begani, akijua kwamba yale ni machozi ya mtu aliyerudishiwa heshima yake.

Jumapili ile aliyotapika, kikombe kilikuwa na maji mekundu ya choya yaliyotiwa sukari, kama ilivyokuwa kila ushirika tangu Pasaka. Divai Timotheo alikuwa ameimaliza mwenyewe, amejifungia katika chumba cha vyombo, wenzake wakiimba wimbo wa sadaka.