Kidole Kilichobaki Nje

Kidole gumba cha mguu wa François kilibaki nje ya maji, kwa hiyo ubatizo haukufaa.

"Tunarudia," alisema Barthélemy huku akibana pua. Ufuko wote ulinuka matumbo ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Maganda ya muhogo yalielea kumzunguka kiunoni, na shati lake jeupe, alilolifua kwa kipande chake cha mwisho cha sabuni, lilikuwa tayari na madoa ya mafuta ya meli. Lo, uchafu gani huu!

Ufukweni Mama Adrienne alisimama amekumbatia nguo kavu za mwanawe François. Alikuwa akiomba, yeye ambaye dini zote alikuwa akizicheka.

Barthélemy alikuwa mmisionari kijana, na hakuna kanisa lililomtuma. Kule Manono, Mwamerika mmoja fundi wa mashine alimfundisha dini ya Wamormoni, akambatiza, akampa tai nyeusi. Kisha vita ikamrudisha Mwamerika kwao. Barthélemy akafunga tai yake akaja kuhubiri Kalemie, ambayo wakati ule ilikuwa ingali Albertville.

Kila asubuhi alipiga magoti, akapiga pasi shati, akatoka kugonga milango ya watu wa reli na bandari. Walimkaribisha kahawa, ambayo dini yake inakataza, akakataa. Chai, akakataa. Wakimletea lutuku, ile pombe kali ya muhogo, aligeuza uso kama aliyeonyeshwa panya aliyeoza.

"Huyu ni muntu ama ni picha ya ukutani?" walimcheka.

Mwaka ulikaribia kuisha na hakuwa amepata muumini hata mmoja. Mji ulimtia kinyaa: matapishi mbele ya baa, mikojo kwenye kuta za stesheni, tumbaku iliyotemwa njiani. Na aliyemtia kinyaa kuliko vyote alikuwa huyo huyo François, mtoto wa mama aliyempangisha chumba. Jamaa mzima wa miaka kumi na tisa, ananuka kama beberu! Bangi tangu asubuhi, makohozi karibu na sahani, na mkono unaotoka kukuna kwapa unaingia moja kwa moja kwenye bukari, ugali wa watu wote.

Siku moja Mama Adrienne alimfuata mpangaji wake uani, akapiga magoti.

"Papa Mumisionari, mutoto wangu atanifia. Wale wa msituni wanaita vijana kupigana na askari, na wenzake wanajitayarisha kwenda. Kwenda na mikuki, Papa! Askari wana bunduki. Ile dini yako inapigana?"

"Haipigani, Mama."

"Basi umuingize. Umuoshe. Sina mutoto mwingine."

Barthélemy alimtazama François akijikuna chini ya mwembe wa jirani, akameza mate machungu, akakubali.

Na ajabu, François alisikiliza! Alikaa mkekani, macho yamemtoka, akiuliza maswali ambayo hakuna mtu mjini aliyewahi kuyauliza.

"Pombe, hata tone?"

"Hata tone."

"Na mwanamuke?"

"Usimguse mpaka ndoa."

"Nikimugusa, maji yanaharibika?"

"Yanaharibika kabisa. Inakubidi kutubu."

François aliitikia kwa kichwa taratibu. "Na siku ile, maji yanifunike mpaka wapi?"

"Pote. Hata kidole kimoja kikibaki nje, ubatizo haufai. Tunarudia."

"Sawa," alisema François. "Hiyo njo dini ya kweli."

Bangi akaitupa chooni. Akaoga kila siku, akajisugua kwa jiwe. Akafika mahali pa kukataa kumpa mtu mkono, na chakula alichopika jirani mwenye mimba hakukigusa. Barthélemy hakuwa amemfundisha hayo, lakini nani atamgombeza mtu kwa kuzidisha usafi? Baada ya wiki chache hata wenzake François wakawa wanasimama dirishani kusikiliza. Walinuka vibaya mno, na Barthélemy alihubiri akipumua kwa mdomo, moyo ukimdunda kwa furaha. Kanisa hilo linakuja!

Mama Adrienne aliwaambia majirani wote, "Mutoto wangu amerudi," akaanza tena kupata usingizi.

Sasa, katika maji yale machafu, Barthélemy aliinua mkono wake wa kuume juu, akarudia maneno yale matakatifu, akamlaza François chali. Mara hii alimkandamiza miguu kwa goti lake. Kila kitu kilizama.

François aliibuka akikohoa. Kabla hata ya kufuta macho aliita, "Mama! Kidole kilizama?"

"Kilizama, mwanangu! Nimeona kwa macho yangu!"

Mama Adrienne akapiga vigelegele, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Barthélemy naye akalia. Harufu ya ndagala hakuisikia tena.

Hapo wenzake François wakatokea nyuma ya mawe, kimya, wamejifunga majani kichwani. Mmoja mmoja wakaingia majini, wakajipanga mstari mbele ya mmisionari. Barthélemy akawafungulia mikono yote miwili.

François alitoka majini akichuruzika. Mama yake akamnyooshea nguo kavu. Hakuzipokea. Aliinama majanini, akaokota mkuki, akamtazama mama yake kwa upole ambao hakuwa ameuona tangu alipokuwa mtoto.

"Usiogope tena, Mama. Umeona mwenyewe, hata kidole kilizama. Risasi haina tena mahali pa kuingilia."