Dakika Nne za Izora

Izora Tibbs aliposhuka kwenye treni huko Misisipi, hakwenda kwanza kwa mama yake. Alikwenda moja kwa moja sinema, akapitia mlango wa pembeni wa weusi, akapanda ngazi mpaka chumba cha mashine.

Izora alikuwa mwigizaji, na filamu iliyokuwa ikionyeshwa pale ilikuwa ya kwanza kumwonyesha bila aproni wala sinia ya mtumishi. Gauni jeupe, jina lake kwenye bango, wimbo mzima wa dakika nne. Chicago watu walisimama kumpigia makofi. Mjini kwao wimbo ulikatwa, na kanisa zima lilikuwa limejazana kwenye roshani ya weusi kumngoja.

"Tulikutafuta kwenye picha mpaka uvunguni mwa vitanda vya wazungu, dada," Sista Verbena wa kanisani alikuwa amemwambia pale stesheni. "Tukasema labda unafagia."

Alipanda ngazi na kicheko hicho masikioni.

"Nani alishika mkasi, Lucius?" alimuuliza mwendesha mashine, mweusi mwenzake aliyekua naye mtaa mmoja.

"Mimi."

"Bosi alikuamuru?"

"Bosi hata filamu zenyewe hatazami."

"Basi nani?"

Lucius akatazama chini. "Mtu nisiyeweza kumkatalia. Nilimwapia nitanyamaza."

"Kumbe mzungu akikukoholea tu, unamkata mtu wa kwenu."

Lucius akageukia mashine yake. Izora alivimba kwa hasira, na mtoto akishavimba hivyo, hata awe na miaka thelathini, haulizi mara ya pili.

Mikanda ya siku hizo ilishika moto kama petroli. Kuvuta sigara chumbani mle lilikuwa kosa lisilo na msamaha. Lucius hakuwa amevuta maisha yake yote. Izora alishuka kwa bosi, akatabasamu kama anavyotabasamu kwenye picha, akasema amemkuta na sigara mdomoni.

Kabla ya chakula cha mchana Lucius alikuwa barabarani, kafukuzwa kazi, na watoto wanne wa kulisha. Izora alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Roho yake ilitulia kabisa.

Akaenda nyumbani akiimba. Mama yake alikuwa barazani anachambua kunde. Izora alimsimulia yote, huku akicheka.

Mikono ya mama ikasimama.

"Walipoona jina lako kwenye bango, wanaume watatu weupe walikuja hapa. Wakasema ukiimba kwenye ukuta wa sinema, nyumba hii wataichoma na mimi nikiwa ndani. Lucius alinikatalia mara mbili, mwanangu. Mara ya tatu nilimpigia magoti."