Wawili wa Dirishani

Mkubwa alizima mashine ya kunyolea, akarudi nyuma hatua moja, akakitazama kichwa cha Mdogo kama fundi anayekagua ukuta.

"Kumbe nywele zilikuwa zinakusitiri," alisema.

Mdogo, aliyekuwa akilia tangu fungu la kwanza lilipoanguka sakafuni, alicheka huku machozi yakimtiririka. Kisha akaomba kioo. Mkubwa akamwambia vioo vyote vimeuzwa. Ilikuwa kweli.

Mkubwa alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, na kabla ya ugonjwa wa Mdogo kilikuwa na viti vitatu, draya mbili na vioo ukuta mzima. Sasa kilibaki kiti kimoja. Wateja waliosubiri zamu walikalia ndoo zilizopinduliwa. Vingine vyote vilikuwa vimegeuka dawa, tone kwa tone, zikaingia kwenye mshipa wa Mdogo.

Kabla ya hapo wawili hawa walikuwa hawasemezani kwa miaka. Ulikuwa ugomvi wa kugawana, na kama ilivyo kwa ugomvi wa namna hiyo, kila mmoja alijiona ndiye aliyepunjwa. Wakikutana sokoni, mmoja aligeuka kuchagua nyanya asizozihitaji. Ndipo siku moja binti wa Mdogo alipoingia saluni na sare zake za shule, akasema, "Mama mkubwa, mama hawezi kuinuka." Mkubwa alimwacha mteja na nusu kichwa, akaenda. Mteja yule hakurudi tena, na hakuna aliyemlaumu.

Hospitali walisema ni saratani ya titi. Dawa zipo, ila kila dripu inalipiwa kwanza ndipo sindano ichomwe. Wiki ile ile mume wa Mdogo aliaga kwamba anakwenda mji mwingine kutafuta pesa. Miezi ikapita, naye akawa bado anatafuta. Simu aliizima, pengine asipotezewe muda.

Mkubwa aliwahamishia Mdogo na watoto wake kwake ili kodi iwe ya nyumba moja. Alimwogesha. Alimshikia beseni. Alimpikia uji, Mdogo akautapika, akampikia mwingine. Hakufanya lolote kati ya hayo kwa upole. Alimgombeza kwa kutokula, akamgombeza kwa kuomba radhi, na usingizi ulipompitia alikaa pembeni akihesabu pumzi zake, ila hilo hakulisema kwa mtu.

Vitu vya saluni vilipopungua aligeukia vya nyumbani. Iliondoka televisheni, likaondoka sofa, kisha suti tatu za kiume, moja kutoka kabati lake na mbili kutoka la Mdogo. Mnunuzi wa mitumba alifurahi kuona zote ni saizi moja.

Katika chumba cha dripu walipenda kukaa upande wenye hewa, hivyo wauguzi wakawabandika jina, wawili wa dirishani. Wagonjwa wengine walisema dada kama yule haokotwi. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akipata dawa kiti cha jirani, alikwisha kusikia habari za mume anayetafuta pesa, akamuuliza Mkubwa kama yeye ameolewa. Mkubwa akajibu kwamba ameolewa, ila wake naye ni wa aina ile ile. Mwalimu alisikitika, akasema kuna familia hazina bahati ya waume.

Dripu ya mwisho ilipokaribia, Mdogo aligoma. Alikuwa amemsikia mtu akipatana bei ya kile kiti kilichobaki. Akasema imetosha, kiti kisiuzwe, watoto watakula nini. Yeye ameshaishi siku zake, kilichobaki atunziwe wanawe tu.

Mkubwa alikuwa akikunja taulo. Aliikunja ile ile mara mbili, ikatoka upande.

"Kwa nini unanifanyia haya?" Mdogo aliuliza. "Mimi nisingekufanyia."

"Najua," alisema Mkubwa. "Lakini ukifa nitamsema nani?"

Kiti kiliuzwa kesho yake. Tangu hapo mteja alikaa juu ya ndoo na Mkubwa akasuka ameinama, mgongo ukamuuma hadi akawa anatembea kama mtu aliyedondosha kitu.

Siku ya dripu ya mwisho daktari aliwaambia kwamba uvimbe umesinyaa kuliko alivyotarajia. Upasuaji utakuwa mdogo, na yeye ana matumaini makubwa. Mdogo alimshika Mkubwa mkono. Mkubwa aliuacha mkono wake pale pale, akalalamika tu kwamba wa mwenzake una jasho.

Dawa ikiwa imefika nusu, mwanamume mmoja aliyenawiri aliingia na mfuko wa machungwa. Alimweleza muuguzi kwamba amepata habari mkewe anaendelea vizuri, naye amerudi kumwona. Muuguzi, ambaye kwa miezi alikuwa akitamani kumjua kwa sura, alimtembeza chumba kizima hadi dirishani ili kila mtu amwone.

"Shemeji yako amefika," alimwambia Mkubwa.

Mkubwa alimtazama mwanamume yule kuanzia viatuni hadi utosini.

"Huyu si shemeji yangu," alisema. "Ni mume wangu."

"Wetu," Mdogo alimsahihisha, akaweka mkoba wake juu ya kiti kilichokuwa wazi.