Kola ya Jenerali

Tangu kila mbwa avishwe kola inayompa hisia za bwana wake kama zilivyo, Sikudhani, mkufunzi wa mbwa, hakuwa na kazi na mbwa tena. Kazi ilikuwa kwa mabwana wanaowafuga, na wengi hawafundishiki.

"Kaa!" Bwana Mchomvu alinguruma, amekenua meno kama anapigwa picha.

Jenerali, mbwa mkubwa kama ndama, hakujali meno hayo. Kola ilimletea hasira iliyokuwa ikichemka kifuani mwa bwana wake, akajikojolea huku akirudi nyuma.

"Mbwa gani huyu? Zuzu kabisa!"

"Mbwa ni mzima, bwana," Sikudhani alisema, bila hata kuficha dharau yake. "Zinazomfikia ni hasira zako. Tulia kwanza."

"Mimi nimetulia! Nyumba nzima inajua nimetulia! Kaa!"

Jenerali alijibanza ukutani, anatetemeka. Lakini pale barazani mke wa Bwana Mchomvu, aliyekuwa akileta chai, alikaa chini papo hapo na sinia lake mikononi. Binti yao mdogo akakaa kando yake.

Sikudhani alizitazama shingo zao. Hazikuwa na kola.