Kunguru Hataki Wali

Donge la wali lilikaa uani juu ya jani la mgomba tangu asubuhi. Kwa imani ya nyumba ile, kunguru akila, roho ya marehemu imeridhika. Asipokula, kuna jambo linaizuia.

Lilavati, mjane wa Damodar, alikuwa ameshaahidi kwa sauti kutimiza kila alichotaka mumewe. Kunguru walizunguka juu wakaenda zao.

Jirani yake Faki alichungulia ukutani. Yeye na Damodar walikuwa hawasemezani hadi Damodar alipokufa, maana kunguru aliowalisha Damodar kila siku walimwibia Faki samaki alioanika.

"Sisi Waislamu, shemeji, maiti anaulizwa na malaika kaburini," alisema. "Kunguru hahusiki."

"Kwetu anahusika, Bwana Faki. Na wewe umewatundikia mwenzao hapo."

Faki aligeuka. Juu ya samaki wake alining'inia kunguru mfu, aliyemfunga mwenyewe ili kuwatisha wengine. Akapanda kigoda, akamfungua, akamfukia mchangani.

"Damodar," aliuambia ule wali, "samaki nimekusamehe. Nisamehe na mimi, nisije nikaulizwa."

Lilavati alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Hata leo unamgombeza."

Kunguru mmoja akashuka, akadonoa wali, akadonoa tena. Lilavati akakaa chini, akashusha pumzi ndefu.

Kunguru akarukia ukutani, wali mdomoni, akawakodolea macho samaki. Faki alikuwa na jiwe mkononi. Akaliachia likaanguka.