Taarifa za Bwana Misitu

Mashine ya wilaya, iliyoamua msitu upi ukatwe, haikuwahi kukanyaga msituni. Ilisoma taarifa tu, na msitu ulioandikwa vibaya ulikatwa. Singano, bwana misitu wa Mazumbe, aliujua msitu wake mti kwa mti; alijua chemchemi iliyo chini ya mkuyu upi hutoa maji hata kiangazi. Lakini kalamu ilimshinda. Kila mwaka aliandika yaleyale: "Msitu upo. Hali ni ya kawaida." Mwezi wa tatu misumeno ikaja, na kufikia wa sita chemchemi ilikuwa imekauka.

"Si ungewaandikia wilayani kama unavyonisimulia mimi?" mama yake alimuuliza, akikohoa.

"Nilidhani wanaona, mama."

Mwaka uliofuata sheria hiyo iliwafikia wagonjwa: dawa ikawa inatolewa kwa taarifa ya ndugu, inayosomwa na mashine ileile. Singano aliketi kando ya kitanda, fomu gotini. Alijua wimbo ambao mama huimba akipepeta mchele. Alijua kikohozi kimebadilika tangu Jumatatu. Akaandika, akasoma, asijue aongeze nini.

"Umewaambia nini, mwanangu?"

"Mama yupo," akamsomea kwa sauti ya chini, na sentensi ya pili hakuisoma.